Mama wa miaka 71 kwenye mabasi ya nchi nne

Swali: Daktari, mama yangu ametimiza miaka 71. Tangu baba afariki amekuwa akisema anataka kuiona dunia akiwa chini, si kupitia dirisha la ndege. Nimepanga tupite nchi nne za ukanda wa joto kwa wiki tano, kwa mabasi na treni. Vipande vingine ni vya saa 12 hadi 14, na vitatu tutasafiri usiku ili tuokoe pesa ya kulala. Mama ana presha. Anakunywa losartani na kidonge cha kukojoza kila asubuhi, na goti likimsumbua hununua ibuprofeni. Hajawahi kuchanjwa homa ya manjano. Malaria anasema haimtishi, amekua nayo. Kaka yangu anasema nakwenda kumuua mama. Je, aende? Na nijiandae vipi?

Jibu: Aende. Ila si kwa ratiba hiyo uliyoniandikia.

Umri wa miaka 71 peke yake haumzuii mtu kusafiri. Presha iliyodhibitiwa haimzuii, na goti halimzuii. Watu wanaokuja kwangu na wazazi wao huuliza nyoka, kipindupindu na magonjwa ambayo hata kuyatamka ni shida. Mimi wazee ninaowaona wakirudi wagonjwa, wengi wameangushwa na mambo ya kawaida kabisa: hawakunywa maji, walikaa kwenye kiti muda mrefu, vidonge vyao wenyewe viliwageuka, na hawakusema. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mzazi anayesafiri na mwanawe anabeba woga mmoja kuliko yote, woga wa kuwa mzigo, na ataficha lolote ili asionekane hivyo.

Nililijua hili kwa mama yangu mwenyewe, nikiwa tayari daktari, na aibu yake haijanitoka. Tulikuwa ndani ya basi tangu alfajiri. Nilimwekea chupa ya maji ya lita moja na nusu kwenye mfuko wa kiti, na kila nilipomtazama aliiinua, akaigusisha midomoni, akairudisha. Nikaridhika. Mchana, jua likiwa utosini, akanigeukia na kuniuliza kwa upole, "Huyu dereva ni mtoto wa nani?" Nikacheka nikidhani ananitania. Akarudia. Ndipo nilipoishika ile chupa: imejaa karibu hadi shingoni. Tulipofika, akasimama kwenye ngazi ya mlango, macho yakamgeuka, akaniangukia kifuani. Jioni, alipokwisha kunywa na kulala kidogo, akanieleza bila kinyongo kwamba hakutaka kumsimamisha dereva. Alikuwa ameacha kunywa tangu jana yake jioni.

Kwa hiyo panga safari kwa kibofu kwanza, ramani baadaye.

Nieleze kidogo kilichotokea mwilini, maana ndicho kitakachotokea kwa mama yako asipoangaliwa. Kadiri mtu anavyozeeka, kiu hupungua. Mwili unakauka lakini ubongo haupigi kelele. Figo nazo hazibani maji kama zamani, na jasho la kuupoza mwili hutoka kwa shida. Juu ya hapo weka kidonge cha kukojoza, ambacho kazi yake ni kutoa maji, na losartani, ambayo inaitanua mishipa ya damu ili presha ishuke. Nyumbani, kwenye kivuli na maji karibu, vidonge hivyo viwili ni rafiki. Ndani ya basi lenye joto, kwa mtu ambaye hajanywa tangu jana, presha inashuka kuliko ilivyokusudiwa, na akisimama ghafla damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Dalili ya kwanza ambayo wewe utaiona huenda isiwe kiu wala midomo kukauka. Inaweza kuwa ni maneno yasiyoeleweka. Mzee akianza kuchanganyikiwa ghafla safarini, usiseme "ni uzee huo." Uzee hauji kati ya kituo kimoja na kingine. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo: maji yamepungua, chumvi ya damu imeshuka, mkojo una maambukizi, au ni malaria.

Sasa choo. Kabla hujanunua tiketi, muulize kondakta, si mkatisha tiketi, basi linasimama wapi, baada ya saa ngapi, na hapo pana choo cha kukaa au cha kuchuchumaa. Mwenye goti bovu anaweza kuchuchumaa akashindwa kuinuka, na atakachofanya ni kutokwenda kabisa. Mkalishe kiti cha kando ya njia, akiinuka asimruke mtu. Maji anywe kidogo kidogo toka asubuhi, mafunda machache kila nusu saa, badala ya chupa nzima kwa mkupuo. Mkojo wenye rangi ya manjano hafifu ni ishara njema. Ukiwa wa rangi ya chai, amechelewa. Na mweleze daktari wake habari ya kidonge cha kukojoza: kwa wagonjwa wengi saa ya kukinywa inaweza kusogezwa siku za safari, akakinywa akishafika badala ya alfajiri. Asikiache kwa uamuzi wake mwenyewe, na asikisogeze mpaka usiku wa manane, atakesha chooni na kuanguka gizani.

Zipo pia nepi za watu wazima. Najua unajikunja ukisoma hapa. Usimnunulie kimya kimya ukamtumbukizia begini kama dawa ya siri, wala usimwambie mbele ya wajukuu. Mwambie mkiwa wawili, na mwambie kama tahadhari ya kukwama kwenye foleni saa nzima bila mahali pa kushukia, kitu ambacho hata wewe kinaweza kukukuta. Wengi hukataa siku hiyo na kuomba siku ya tatu.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nami ndilo lililonifanya nisome barua yako mara mbili: ibuprofeni. Losartani, kidonge cha kukojoza na ibuprofeni ni vitatu visivyopaswa kukutana kwenye mwili uliokauka. Kila kimoja kinaigusa figo kwa njia yake. Kidonge cha kukojoza kinapunguza maji yanayofika. Losartani inalegeza mshipa wa kutolea damu kwenye vichujio vya figo, msukumo ukapungua. Ibuprofeni inaubana mshipa wa kuingizia. Figo inabaki kama pampu isiyo na maji wala msukumo, na joto kali au siku moja ya kuharisha inatosha kuifanya isimame. Diklofenaki ya vidonge ni ya ukoo huohuo, na vivyo hivyo zile dawa za maumivu zinazouzwa kwa majina mazuri mazuri kila kituo cha basi. Kwa goti lake abebe parasetamoli na jeli ya kupaka. Aanze pia mazoezi ya misuli ya paja wiki kadhaa kabla ya safari, kukaa na kuinuka kitini mara 10, asubuhi na jioni. Ngazi za mabasi na treni ni ndefu kuliko ngazi za nyumbani, na hakuna atakayemshushia.

Sababu ya pili ya kuikimbia ibuprofeni katika nchi za joto ni homa ya dengue. Mbu wake huuma mchana, tofauti na wa malaria anayeuma usiku, na ugonjwa huu unaweza kushusha chembe za kugandisha damu. Dawa za jamii ya ibuprofeni na aspirini zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Kwa hiyo homa yoyote njiani ni parasetamoli na kipimo, basi. Kama mzazi wa msomaji mwingine anakunywa aspirini ya moyo kila siku, asiiache kwa kusoma hapa. Amuulize daktari aliyempa.

Akiharisha au kutapika, na wiki tano ni ndefu, kwa hiyo chukulia kwamba itatokea, kuna vidonge vya kusimamishwa kwa muda. Mara nyingi tunamwambia mgonjwa aache losartani na kidonge cha kukojoza, na wenye kisukari waache metformini, mpaka awe amekula na kunywa kawaida kwa siku moja au mbili, kisha arudie. Lakini hili liandikwe na daktari wake kwenye karatasi, kwa jina la kila kidonge, kabla hamjaondoka. Usije ukalikumbuka nusu nusu saa tisa usiku. ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti ya kuchanganya na maji, mbebe nyingi kuliko unavyodhani. Zikiisha, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usikadirie chumvi kwa macho, kwa mwenye presha hasa. Dawa ya kufunga tumbo isitumike kukiwa na damu kwenye choo au homa. Na mkipewa siprofloksasini, mkumbushe anayeiandika kwamba mgonjwa amevuka miaka 60, kwa sababu katika umri huo dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kano kukatika, ile ya kisigino hasa. Kwa mtu ambaye tayari ana goti bovu, hapo safari imekwisha.

Sasa ratiba. Saa 14 hapana. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu damu kuganda kwa wasafiri, na likaonyesha kwamba kukaa bila kujongea kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo takriban mara mbili, iwe ni ndege, treni, basi au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, takriban 1 kati ya 6,000 kwa safari ya ndege inayozidi saa 4. Lakini umri unaipandisha, na kukaukiwa maji, na kuwahi kuganda damu kabla, na kufanyiwa upasuaji karibuni, na saratani. Mimi kwa mtu wa miaka 71 naweka kikomo cha saa 6 kwa siku, na kila saa mbili ashuke atembee. Pale msipoweza kushuka, azungushe vifundo vya miguu na kukanyaga sakafu kwa vidole na visigino kwa kupokezana, kama anaendesha cherehani ya miguu. Mama yangu alilielewa zoezi hili siku nilipolisema hivyo tu. Soksi za kubana zinasaidia, lakini apimwe na apewe saizi yake. Zinazobana juu ya goti kuliko chini zinadhuru kuliko kufaa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, au pumzi ikikatika ghafla kifua kikichoma, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama uvimbe umekuja wiki mbili baada ya kufika.

Safari za usiku zifute zote tatu. Dunia inapoteza watu takriban milioni 1.19 kwa mwaka kwa ajali za barabarani, na giza, usingizi wa dereva na barabara isiyo na taa havisaidii. Lakini hata ajali ukiiweka kando, hesabu yako ya pesa haitoki. Mzee aliyekesha kitini kesho yake hawezi kutembea, mtalala siku mbili mahali ambapo mlipanga kupita tu, na pesa mliyookoa itakuwa imelipa vyumba hivyo na teksi. Na tafadhali usimpe kidonge cha usingizi ili "apumzike kidogo." Analala amekunja miguu saa saba hajajigeuza, halafu anaamshwa kwenye giza ashuke ngazi.

Kidonge cha kichefuchefu cha safarini nacho ni mtego. Vingi vya vile vya zamani vinavyoleta usingizi huwachanganya wazee akili, hukausha mdomo, na kwa mwanamume mwenye tezi dume huweza kuziba mkojo kabisa. Mbadala wake ni kiti. Kaa katikati ya basi, baina ya tairi za mbele na za nyuma. Hapo mtikisiko ni mdogo, na mgongo utakushukuru. Kisha chagua upande kwa jua: mkienda kaskazini asubuhi, jua litakuwa kulia kwenu, kwa hiyo kaeni kushoto. Mkienda kusini asubuhi, geuza. Ni jambo la sekunde mbili kwenye dirisha la tiketi, na linaweza kumtofautisha anayefika akitabasamu na anayefika amepikwa upande mmoja. Basi likiwa na kiyoyozi, tatizo linageuka kuwa baridi, basi awe na kitambaa kikubwa cha pamba cha kujifunika.

Mkishafika nchi ya kwanza, msianze kutembea kesho yake. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kulizoea joto, na za mwanzo ndizo ngumu. Kaeni mahali pamoja siku nne au tano, mtoke asubuhi na jioni, mchana kivulini. Baadaye wekeni siku ya mapumziko kila baada ya siku mbili za barabara. Najua ukifanya hivyo nchi nne zitakuwa tatu, pengine mbili. Ziwe mbili.

Na usidhani ukanda wa joto ni joto kila mahali. Quito, mji mkuu wa Ecuador, karibu kabisa na ikweta, uko takriban mita 2,850 juu ya bahari, na La Paz ya Bolivia ni zaidi ya mita 3,600. Basi linaweza kuwatoa pwani asubuhi na kuwafikisha huko jioni. Kuanzia mita 2,500 hivi kupanda haraka kunaleta kichwa kuuma, kichefuchefu na pumzi fupi, na kwa mwenye presha au moyo dhaifu si jambo la kupuuza. Kama njia yenu inapanda, laleni katikati ya mlima usiku mmoja au miwili.

Homa ya manjano, na hapa nataka usome taratibu. Chanjo yake ni nzuri mno, ni ileile iliyotokana na kazi ya Max Theiler miaka ya 1930, iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Dozi moja inatosha, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti chake hakina mwisho. Kinaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku mbili kabla ya mpaka hakusaidii. Ila ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa wanaochanjwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 60 na kuendelea, madhara makali ya viungo vya ndani na ya ubongo, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Mwenye kinga iliyoshuka, mwenye ugonjwa wa tezi ya thaimasi, ile ya kinga iliyo kifuani, au aliyeondolewa tezi hiyo, na mwenye mzio mkali wa mayai kwa kawaida hachanjwi.

Kwa hiyo kwa mama yako hili si suala la kwenda kudungwa tu. Yapo maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza: je, njia yenu inapita mahali ambapo ugonjwa upo kweli? La pili: je, mpakani watadai cheti? Nchi nyingi hazijali unakokwenda, zinajali ulikotoka. Mkitoka nchi yenye ugonjwa kuingia isiyo nao mnadaiwa, mkigeuza mwelekeo pengine msidaiwe. Anayesafiri kwa barabara ana uwezo wa kupanga upya nchi zake ili swali la pili lisimkute. Kama hatari ni ndogo na cheti kinadaiwa, daktari anaweza kuandika ndani ya kile kitabu cha chanjo kwamba mhusika hapaswi kuchanjwa kwa sababu za kiafya. Mara nyingi hupokelewa, lakini nchi inaruhusiwa kuikataa, kwa hiyo ulizieni ubalozini mapema. Kama njia inapita kwenye ugonjwa wenyewe, chaguo ni mbili: achanjwe baada ya kupimana faida na hatari na daktari, au mbadilishe njia. Kupita bila chanjo ukiwa na barua hakumo. Mbu hasomi barua.

Nendeni kliniki ya wasafiri wiki 6 hadi 8 kabla. Humo mtamalizia pia mafua, ambayo katika nchi za joto huzunguka mwaka mzima, nimonia, pepopunda, homa ya ini aina ya A na taifodi. Hizi hazina mjadala mkubwa.

Malaria aliyokua nayo mama yako ni kweli ilimjengea kinga, lakini ile kinga ni ya nusu nusu, na inaliwa na muda. Mtu aliyehama maeneo ya malaria na kukaa nje miaka hana tena ulinzi wa kumtegemea, ila bado ana ule ujasiri, na ujasiri bila kinga ni kitu kibaya. Mpe heshima yake, "Mama, wewe uliishinda, lakini damu yako imesahau," kisha mpeleke akachaguliwe dawa ya kuzuia. Doksisaiklini ni nafuu, huliwa kila siku mpaka wiki 4 baada ya kutoka, lakini huifanya ngozi iungue na jua haraka, na ikimezwa na funda dogo hukwama kooni na kuchubua. Kwa mtu anayeficha maji, unaona tatizo. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki, ila huleta kizunguzungu na ndoto mbaya na haiwafai wenye matatizo ya mapigo ya moyo au historia ya magonjwa ya akili. Atovakwoni na proguanili huanza siku moja au mbili kabla, huliwa na chakula, na kuisha siku 7 baada ya kutoka. Huwakaa wazee vizuri, lakini si wenye figo iliyochoka sana. Kwa hiyo apimwe figo kabla ya safari, kipimo ambacho angepaswa kukifanya hata kwa ajili ya losartani. Chandarua chenye dawa, mikono mirefu kuanzia magharibi, na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET. Ikiwa anapaka na mafuta ya kukinga jua, mafuta yatangulie, dawa ya mbu ije juu.

Dawa zake zote zibaki kwenye maboksi yake, na orodha iwe na majina halisi ya dawa, si ya kibiashara, kwa sababu jina la boksi hubadilika ukivuka mpaka. Gawanya mafungu mawili: moja kwenye mkoba anaoukalia yeye, moja kwako. Hakuna linaloingia kwenye buti la basi. Kule joto ni la tanuri, na mizigo hupotea. Wenye insulini walizingatie hili mara mbili. Na kama ana dawa kali za maumivu kama kodeini au tramadoli, au za usingizi, kumbuka zipo nchi ambako kidonge cha mgonjwa ni kesi ya polisi. Barua ya daktari na kuuliza ubalozini ndiyo kinga yenu.

Mpakani, mambo machache ambayo watu hujifunza wakiwa wamechelewa. Chukueni viza ya kuingia zaidi ya mara moja pale inapopatikana. Mzee akiugua kilomita 40 ndani ya nchi mpya, hospitali nzuri ya karibu inaweza kuwa ile mliyoiacha nyuma, na viza ya mara moja imekwisha kugongwa. Pasipoti iwe na miezi 6 zaidi ya mwisho wa safari. Jina la kwenye cheti cha chanjo lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Vidole vya wazee vimelainika, mashine ya alama za vidole huvikataa mara kwa mara, na yeye ataanza kujiona mkosaji. Simama naye. Baina ya vituo viwili mara nyingi kuna mwendo wa miguu juani, basi likiwa limetangulia, kwa hiyo maji, kofia na vidonge viwe mwilini, si ndani ya basi.

Halafu lile la kutosema. Acha kumuuliza "Mama, umechoka?" Jibu lake unalijua. Muulize swali lenye njia mbili za heshima: "Tulale mji huu au ule?" Akichagua wa karibu amekwisha kukujibu. Mara nyingine jitwike wewe udhaifu: "Miguu yangu imekufa, naomba tushuke." Wewe unayemtunza una haki ya kudanganya hapo. Na mpe kazi ya kweli, awe mshika tiketi au mhesabu mizigo, kwa sababu mtu mwenye kazi haoni kama amebebwa. Mkishafika kila jioni, mpime presha na umwombe naye akupime wewe. Kipimo kidogo cha mkono wa juu kinatosha. Cha kifundo cha mkono hukosea zaidi.

Bima iwe inayojua kwamba ana presha. Ukiificha presha yake kwenye fomu, siku ya shida watakataa kulipa, na watakuwa na haki. Isome mpaka uone neno la kumsafirisha mgonjwa kutoka porini hadi hospitali, maana kwenye safari ya barabara hicho ndicho kitu cha gharama kubwa. Mkisharudi, homa yoyote ndani ya miezi mitatu, hata ya nusu siku, ni kipimo cha malaria siku hiyohiyo, na mwambieni daktari mlikopita. Mara chache hujitokeza baadaye zaidi, hadi mwaka.

Kaka yako usigombane naye. Mpe kazi. Mtumie nakala za pasipoti, viza, bima na ile karatasi ya vidonge, pamoja na ratiba mpya ya saa 6. Mwombe ashike pesa za tiketi mbili za ndege, za kuwarudisha kutoka mji wowote mkubwa ulioko njiani, asiziguse. Mkubaliane watatu, mama akiwepo, ni dalili zipi zikitokea mnageuka bila mjadala: kuchanganyikiwa, kuanguka, kifua, mguu uliovimba, siku mbili bila kula. Mama ndiye atamke orodha hiyo kwa mdomo wake, na kaka aiandike.